Pezi Lililonipa Sapu

Wanachuo wenzangu, leo nina habari ya sapu. Najua neno lenyewe linatosha kumfanya mtu afunue ukurasa mwingine, lakini nivumilieni. Sapu hii ilinifundisha jambo ambalo lekcha za muhula mzima hazikuwa zimeniingia, na kosa halikuwa la mwalimu. Lilikuwa langu.

Ilikuwa mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili, somo la maumbile ya samaki. Maabara ilipangwa trei kumi, kila trei na kiungo chake. Kengele ikigonga unahama. Mimi nilikuwa nimekesha na madesa ya kaka mmoja aliyekwishahitimu, nimeyakariri mpaka alama za koma. Trei ya saba ilikuwa na pezi moja tu, pezi la kifuani, limelazwa juu ya kitambaa kibichi. Swali: "Mwenye pezi hili anaishi wapi, na anaogeleaje? Toa sababu."

Nikaandika nilichobeba kichwani: "Mapezi ya kifuani humsaidia samaki kusawazisha mwili na kugeuka." Nikahamia trei ya nane roho ikiwa kwatu.

Matokeo yalipotoka nilipata moja kwa kumi kwenye swali lile, na mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Ni kweli, lakini sikuuliza hilo." Maswali mengine niliyajibu kwa mtindo uleule, basi jumla yake mnaijua. Wenzangu wakafunga mabegi kwenda likizo, mimi nikabaki mjini kungoja Septemba, bumu limekwisha, nauli ya nyumbani hakuna.

Ndipo nikaanza kwenda Feri kila alfajiri.

Mzee anayesema "mkono"

Asiyelijua soko la samaki la Feri, pale Magogoni, aende siku moja mapema kabla ya saa moja. Mnada unapigwa huku, wanaokaanga wako kule, na pembeni wamekaa wanaopara samaki kwa malipo. Nilikuwa na wazo moja tu: maabara ina samaki kumi waliokaushwa kwa dawa, Feri ina mamia wabichi, na kuangalia ni bure.

Siku ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja kati ya wale wanaopara. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Unataka kuparuliwa?" Nikamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, nimefeli, nataka kutazama mapezi tu. Akacheka hadi kisu kikamtoka mkononi. Kisha akachukua changu, akaliinua lile pezi lililo nyuma ya shavu kwa kidole gumba, likafunguka kama kipepeo cha kupepea jiko.

"Samaki humjui kwa mkia, mwanangu," akasema. "Wote wana mkia. Mtazame mkono."

Nikamsahihisha kwa adabu: "Mzee, hilo ni pezi." Akaniangalia, hakujibu, akaendelea kupara. Naomba mliweke akilini hilo neno "mkono". Tutalirudia mwishoni, na mtaona nani alikuwa anamfundisha nani.

Pezi lenyewe

Tuanze na mambo ya msingi kwa ajili ya wenzetu wa sheria na biashara. Samaki ana mapezi ya aina mbili. Kuna yale yaliyo kwenye mstari wa katikati ya mwili: la mgongoni, la chini karibu na mkia, na mkia wenyewe. Kuna na yale ya jozi, moja kulia na moja kushoto. Jozi ya mbele, ile iliyo nyuma tu ya matamvua, ndiyo mapezi ya kifuani. Jozi ya pili ni mapezi ya tumboni.

Kwa samaki wengi tunaowala, pezi la kifuani ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vijiti vyembamba vinavyopinda, kama mwavuli. Mizizi ya vijiti hivyo imefungwa kwenye mifupa midogo iliyoshikamana na bega, na misuli iliyo chini yake huweza kukivuta kila kijiti peke yake. Hapo ndipo siri ilipo. Samaki anaweza kulifungua pezi lote, nusu, au ukingo mmoja tu, na anaweza kulipinda umbo wakati likiwa kazini. Kwa hiyo ukilitazama kama ubao tu umekosea. Pezi lina uhai wa kiganja.

Sasa, madesa yanasema "kusawazisha". Sawa. Lakini kumsawazisha nani, wapi, dhidi ya nini? Changu anayekaa kwenye majani ya bahari na jodari anayevuka bahari kuu wote "wanasawazishwa" na mapezi ya kifuani, na bado mapezi yao hayafanani hata kidogo. Jibu linalowafaa wote wawili halimwelezi hata mmoja.

Breki, usukani na kusimama

Tumchukue changu. Pezi lake ukilifungua ni pana kiasi, laini, linapinda bila shida. Huyu anakaa karibu na miamba na majani, anakula vitu vilivyoshika chini, na maisha yake ni ya kusimama, kunusa, kugeuka, kurudi nyuma.

Kusimama majini si jambo dogo. Samaki akipumua, maji huingia mdomoni na kutokea nyuma ya matamvua. Yale maji yanapotoka kwa nyuma yanamsukuma mbele kidogo, kama puto lililoachiwa hewa. Asipofanya kitu, kila pumzi itamsogeza. Ndiyo maana ukimtazama samaki aliyetulia kwenye tangi la kioo utaona mwili haujongei, lakini mapezi ya kifuani hayapumziki: yanapiga polepole kurudisha ule msukumo.

Akitaka breki, anafungua yote mawili kwa pamoja. Akitaka kugeuka, anafungua moja zaidi ya jingine, na hapo aliyewahi kupiga kasia kwenye mtumbwi anaelewa mara moja: chovya kasia upande mmoja, chombo kinaelekea upande ule. Akitaka kurudi nyuma, anayapiga kinyume. Na breki ina hatari yake. Kuyafungua ghafla mapezi ya kifuani kunaweza kumnyanyua au kuinamisha kichwa, kwa hiyo mapezi ya tumboni hufanya kazi ya kurekebisha. Gari lina kanyagio moja la breki. Samaki ana mapezi manne ya kupatanisha kila anaposimama.

Pono hatumii mkia

Siku ya tatu mzee alinitupia pono. Pezi lake halikuwa kama la changu. Ukingo wa mbele ulikuwa mrefu na mgumu, wa nyuma mfupi, na umbo lote lilikuwa la bawa la ndege.

Sote tunamjua pono kwa usingizi wake. Mtu akilala lekcha ya saa nane mchana mpaka akakoroma, tunasema amelala usingizi wa pono. Na wahenga hawakusingizia, kwa sababu pono usiku hulala kwelikweli kwenye mwamba, na baadhi ya jamii zake hujizungushia utando wa ute kabla ya kulala. Lakini mchana ni mchapakazi, na anaogelea kwa mapezi ya kifuani tu. Huyapiga juu na chini kama ndege, mkia umetulia unafuata nyuma. Mkia anauweka akiba ya hatari, siku akifukuzwa.

Hapa pana jambo ambalo madesa yangu hayakuwa nalo. Samaki wanaoogelea kwa mapezi ya kifuani wana mitindo miwili. Wa kwanza ni kupiga kasia: pezi pana na la duara huvutwa nyuma likiwa limesimama, kisha hurudishwa mbele likiwa limelazwa lisishike maji. Mtindo huu unafaa mwendo wa polepole na kugeuka mahali padogo. Wa pili ni kupiga mbawa, juu na chini, kwa pezi jembamba na refu. Huu unafaa mwendo wa kasi na wa muda mrefu, kwa sababu pezi linaposhuka na linapopanda yote ni kazi, hakuna safari ya kurudi mikono mitupu.

Mwaka 2002 watafiti waliolinganisha samaki wa jamii ya pono na ndugu zake kwenye Tumbawe Kuu la Australia walichapisha matokeo yao: wenye mapezi membamba ya mbawa hupatikana zaidi mahali mawimbi yanapopiga kwa nguvu, na wenye mapezi ya duara zaidi kwenye maji yaliyokingwa. Maana yake ukinionyesha pezi naweza kukutajia hata mtaa.

Niliposoma hayo nilikaa kimya. Trei ya saba ilikuwa na pezi refu mbele, fupi nyuma, umbo la bawa. Jibu lilikuwa limelala mbele ya macho yangu na mimi nikaandika "kusawazisha".

Wasiosimama: jodari na papa

Jodari ana pezi gumu, refu, lenye ncha kama jambia. Huyu ni msafiri. Hupumua kwa kwenda: maji hupita kwenye matamvua kwa sababu anasonga, akisimama anakosa hewa. Tena ni mzito kuliko maji, kwa hiyo anapokwenda polepole huyanyoosha mapezi kama mabawa ya ndege Ulaya ili yamnyanyue. Akikaza mwendo, huyakunja. Gusa ubavu wa jodari na utakuta mahali palipobonyea sawasawa na umbo la pezi; likiingia pale, mwili unakuwa laini kabisa, hakuna kinachoburuta maji.

Papa hana kibofu cha hewa. Anategemea ini kubwa lenye mafuta, na mwendo. Vitabu vingi vya zamani vinasema mapezi yake ya kifuani ni mabawa yanayomnyanyua muda wote, na hata mimi ningelijibu hivyo. Lakini mwaka 2000 Cheryl Wilga na George Lauder walichapisha uchunguzi wa papa wadogo wa pwani ya magharibi ya Marekani, waliowarekodi wakiogelea kwenye mkondo wa maji. Papa akienda mlalo kwa mwendo wa kawaida, mapezi yale karibu hayamnyanyui hata kidogo; kazi hiyo hufanywa na mwili wenyewe kwa kuinama pembe ndogo. Mapezi yanaingia kazini anapotaka kupanda au kushuka: huukunja ukingo wa nyuma wa pezi, na kichwa kinaelekea anakotaka. Kwa hiyo wale papa waliyatumia zaidi kama usukani kuliko bawa. Hili nalipenda kwa sababu linaonyesha kwamba hata kitabu kinaweza kukariri.

Unapokula taa, unakula pezi

Mzee alikuwa na swali lake la mtego. Alipasua taa, akanionyesha ile nyama pana ya pembeni, akauliza: "Hii ni nini?" Nikasema ni mwili. Akatikisa kichwa: "Mikono."

Ni kweli. Taa ni jamii moja na papa, ila mapezi yake ya kifuani yamekua mpaka yakaungana na kichwa na kuwa ile sahani nzima. Mnaopenda taa mkavu wa nazi, mnakula pezi la kifuani bila kujua. Taa anayekaa mchangani huogelea kwa kulipitisha wimbi kwenye ukingo wa pezi kutoka mbele kwenda nyuma, na akitaka kurudi kinyumenyume anaweza kuligeuza wimbi. Pezi hilohilo hupuliza mchanga kufukua chakula, na hukigandamiza chini kisikimbie, kwa sababu mdomo uko upande wa tumboni. Manta, yule taa mkubwa wa maji ya wazi ambaye upana wake huweza kupita mita 6, hapitishi mawimbi. Anapiga mbawa nzima kama tai.

Na ukiyatoa mabawa nje ya maji unampata panzi. Huyu nilisimuliwa na mzee kabla sijasoma. Ujana wake alivua maji ya nje kuelekea Mafia, na panzi waliruka wakaangukia ndani ya chombo. Panzi hapigi mbawa. Hukaza mwendo chini ya maji mapezi yakiwa yamebanwa ubavuni, akichomoza huyafungua na kuambaa juu ya hewa, na ncha ya chini ya mkia ikibaki majini huendelea kumsukuma kama injini. Mwaka 2008 wapiga picha wa Japani walimrekodi mmoja akiwa hewani kwa sekunde 45. Wanaomfukuza chini wanamwona ametoweka.

Kutembea, kushika, hata kuonja

Kama uko Dar, nenda mikoko ya Kunduchi maji yakitoka. Utaona visamaki vyenye macho juu ya kichwa vinarukaruka kwenye tope. Mapezi yao ya kifuani yana kitako chenye misuli na kiungo kama kiwiko. Huyapeleka yote mawili mbele kwa pamoja, huyakita, kisha huuvuta mwili, sawasawa na mtu anayetembelea magongo mawili.

Walioko Mwanza msione tumewasahau. Kambale ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani, na akihama bwawa lililokauka huukita ardhini na kujisukuma. Gogogo wa Ziwa Victoria ana mwiba kama huo. Huufunga ukasimama wima, ndiyo maana kumeza gogogo ni shughuli. Tena akiusugua kwenye kiungo chake hutoa sauti ya kukwaruza. Pezi limekuwa silaha na zeze.

Kwenye pwani ya Marekani ya Atlantiki kuna samaki ambaye vijiti vitatu vya mbele vya kila pezi vimeachana na ngozi vikawa vidole vya kutembelea chini ya bahari. Watafiti wameonyesha kwamba kwa baadhi ya jamii zake vidole hivyo vinaonja: hupapasa mchanga, vikikuta ladha ya chakula kilichofukiwa, samaki anachimba. Na hata samaki wa kawaida ana hisia kwenye pezi. Maabara ya Melina Hale, Chuo Kikuu cha Chicago, imeonyesha kwamba mishipa ya fahamu ya mapezi hupokea habari za kuguswa na kupinda, na mwaka 2020 ikaeleza kuwa kisamaki mmoja wa chini ya maji anahisi ukwaruzo wa jiwe kwa wepesi unaokaribia ule wa ncha za vidole vya nyani. Neno "mkono" likazidi kunisumbua.

Basi nikamuuliza mzee: yupo asiye na mikono? Akanionyesha mkunga wa kwenye mashimo ya miamba. Nilitafuta pezi la kifuani nyuma ya kichwa, hakuna. La tumboni, hakuna. "Nyumba yake ni tundu," mzee akasema. "Mikono atainyooshea wapi?"

Wenye mikono iliyofichwa

Kuna wanyama wa bahari ambao si samaki, na viungo vyao vya mbele vinaonekana kama mapezi. Kasa, pomboo, nguva, nyangumi. Hawa wazee wao waliishi nchi kavu wakarudi majini. Ndani ya kile kinachoonekana pezi hakuna vijiti vya mwavuli. Kuna mfupa wa juu ya kiwiko, mifupa miwili ya chini yake, mifupa ya kifundo, kisha vidole. Yote imefunikwa ngozi moja kama mkono uliovalishwa soksi.

Kasa hupaa majini kwa hiyo mikono, na jike akitoka kutaga huitumia ileile kujikokota mchangani na kurusha mchanga. Nyangumi wenye nundu, wanaopita mbele ya pwani yetu kati ya miezi ya Julai na Septemba, wana mikono mirefu kuliko nyangumi wote, karibu theluthi ya urefu wa mwili, na ukingo wa mbele una vinundu vinundu. Mtu angesema ni kasoro. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti, akiwemo Mmarekani anayeitwa Frank Fish, na ndiyo, jina lake la ukoo maana yake ni Samaki, walipima mifano miwili ndani ya chumba cha upepo: mmoja laini, mmoja wenye vinundu. Wenye vinundu uliweza kuinamishwa karibu asilimia 40 zaidi kabla ya kupoteza nguvu ya kunyanyua. Ndiyo maana mnyama wa tani 30 anaweza kukata kona kali akifukuza chakula. Wahandisi wa feni na mitambo ya upepo wameliiga wazo hilo.

Mzee alikuwa sahihi

Sasa turudi kwenye neno. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London, Afrika Kusini, alimkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi mmoja wa ajabu, wa jamii ambayo wataalamu waliamini ilitoweka pamoja na dinosaria. Ni silikanti. Kwetu Tanzania alianza kujulikana mwaka 2003, akanaswa mara nyingi Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake huko. Pezi lake la kifuani halikushikamana na bega kwa mifupa mingi midogo kama la changu. Limeshikamana kwa mfupa mmoja, kama wako. Na Hans Fricke alipomrekodi akiwa hai huko Komoro mwaka 1987 kwa nyambizi ndogo, ilionekana kwamba hatembei chini kama wengine walivyodhani, lakini pezi la kifuani la kushoto huenda pamoja na la tumboni la kulia, kwa kupokezana, kama mbuzi anavyotembea.

Halafu kuna Tiktaalik, mabaki ya samaki wa miaka kama milioni 375 iliyopita, yaliyochimbwa kaskazini mwa Kanada mwaka 2004 na kutangazwa mwaka 2006. Ndani ya pezi lake la kifuani mna bega, kiwiko na mwanzo wa kifundo cha mkono. Wanyama wenye miguu minne, pamoja na wewe unayeshika gazeti hili, wametokana na samaki wa ukoo huo. Mkono wetu ulianza kama pezi la kifuani. Mimi nilimsahihisha mzee, kumbe yeye ndiye alikuwa anataja jina la ukoo.

Kwa nini nimeandika haya

Siku yangu ya mwisho pale niliona kwenye pipa mapezi ya papa yamekatwa, bila mwili. Nikamuuliza mzee anaweza kujua ni papa gani. Akayageuza moja moja: huyu hivi, huyu vile, huyu bado mtoto. Baadaye nikagundua hiyo ni kazi ya watu duniani. Papa wa aina kadhaa, wakiwemo pingusi na yule wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe, wamekuwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES tangu Septemba 2014, na mkaguzi wa bandarini mara nyingi haletewi papa mzima. Analetewa pezi. Asipojua kulisoma, mzigo unapita. Mahali pengine baharini papa hukatwa mapezi akiwa hai na kutupwa majini, na asiye na mapezi huzama, hapumui, anakufa. Kumbe trei ya saba haikuwa mchezo wa mwalimu. Ni swali ambalo mtu fulani anaulizwa kazini, na akijibu "kusawazisha" kuna mnyama anaangamia.

Septemba nikaingia maabara. Trei ya nne ilikuwa na samaki mzima, mrefu, mwenye meno. Swali: "Eleza mapezi ya kifuani ya samaki huyu." Waliokariri walianza kuandika. Mimi nilimgeuza kwanza, nikapapasa nyuma ya kichwa, nikatabasamu. Niliandika kwamba hana, nikaeleza nyumba yake ilivyo. Nilipata C, na sapu C ndiyo dari, msinicheke.

Nikaenda Feri kumpa mzee taarifa. "Nimefaulu, mzee." Akasema, "Alhamdulillahi," akanisukumia ndoo ya vibua. "Haya, sasa nisaidie kupara."

Basi, siku ukikaa kwa mama ntilie na sahani ya wali samaki, kabla hujaanza, liinue lile pezi la nyuma ya shavu kwa kidole gumba. Lifungue. Jiulize mwenye mkono huu aliishi wapi. Chakula hakitapoa kwa hilo.